Tafadhali Ongea kwa Sauti Kubwa

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota nimesimamishwa na trafiki pale Kibaoni, kwenye barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Hilo peke yake halikuwa jambo la kuota, maana pale Kibaoni huwa nasimamishwa hata nikiwa macho.

Ndotoni mvua inanyesha, ile mvua yetu isiyo na adabu, isiyojua mwezi wala msimu. Nyuma ya gari nina maboksi ya vifaranga wa siku moja, nawapeleka kwa kina mama wa kikundi chetu cha ufugaji. Kifaranga wa siku moja hataki kucheleweshwa. Akipigwa na baridi anajikunyata, akijikunyata analala, na akilala ndiyo basi. Wiki iliyopita, nikiwa macho makavu kabisa, nilizuiwa hapo hapo Kibaoni mpaka boksi zima likalala. Kina mama walinipokea kimya, kisha wakasema watanivumilia mara hii tu, ikitokea tena watamtafuta mtu mwingine wa kuwaletea. Kwa hiyo hata ndotoni nilikuwa na haraka.

Msomaji atauliza nilizuiwa kwa kosa gani. Mimi ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo iliondoka na masikio yangu nikiwa darasa la kwanza, ikaniachia vingine vyote, hasira ikiwemo. Gari naliendesha vizuri kuliko shemeji yangu anayesikia, ambaye ameshaugonga mparachichi ule ule mara mbili. Kosa langu lilikuwa kwamba Afande Masatu, trafiki wa Kibaoni, alinisalimu akiwa nyuma ya gari, na mimi sikuitikia. Kwetu mtu asiyeitikia salamu ana kiburi, au amelewa, au ni mchawi. Afande alianza na kiburi, akahamia kwenye ulevi, na kabla hajafika kwenye uchawi vifaranga walikuwa wameshakufa.

Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda kwenye semina.

Semina ilikuwa ya kutusaidia sisi madereva wenye ulemavu tuelewane na askari barabarani. Iliandaliwa na watu wenye fulana zinazofanana. Ukumbi ulikuwa ghorofani, ngazi tupu, kwa hiyo rafiki yangu Ambwene, ambaye miguu yake haifanyi kazi na gari lake analiendesha kwa mikono mitupu, alihudhuria akiwa chini kwenye maegesho. Walimpelekea sambusa. Mimi nilipanda juu, nikakaa mstari wa mbele, nikamtazama mgeni rasmi akifumbua na kufumba mdomo, kwa sababu mkalimani wa lugha ya alama hakuwapo. Niliuliza kwa maandishi. Nikajibiwa kwa maandishi kwamba mkalimani angewachanganya washiriki.

Mwishoni tuligawiwa kadi ngumu za kumwonyesha askari. Yangu ilisema: DEREVA HUYU NI KIZIWI. TAFADHALI ONGEA NAYE KWA SAUTI KUBWA. Watu walipiga makofi. Niliipokea, nikaibandika kwenye dashibodi, na siku mbili nzima nikawa nalala na kuamka na kinyongo.

Sasa turudi ndotoni, ambako mambo yalikuwa na akili zaidi kidogo.

Afande Masatu anakuja dirishani. Amevaa nyeupe pee kuanzia kofia hadi glavu, na mvua haimgusi, inampisha. Anafumbua mdomo. Namwonyesha kadi. Anaisoma taratibu, anaigeuza, anasoma na nyuma ambako hakuna kitu, kisha anafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwa trafiki yeyote. Anatii.

Anaongea kwa sauti kubwa.

Sisikii kitu, lakini naona. Migomba ya ng'ambo ya barabara inalala chini. Mabati ya kibanda cha mama ntilie yanang'oka yanaelekea Malawi. Wachuma chai kule mlimani wanashikana mikono wasipeperuke. Afande anavuta pumzi, anarudia, na kila akirudia anarefuka, mpaka najikuta natazamana na mkanda wake. Hata mvua inakatika kwa woga.

Nikachukua kalamu ili nimwandikie. Afande akaruka nyuma, akapuliza filimbi. Papo hapo likafika gari limejaa askari, wakaizunguka kalamu na kuiamuru iinue mikono juu. Kalamu haina mikono. Wakaiandikia kosa la ukaidi, wakaifunga pingu ndogo sana, za saizi yake, na zilivyokuwa zimepakwa mafuta nilijua zilitengenezwa siku nyingi zikiisubiri.

"Ilitaka kuandika tu," nikasema kwa mikono. Hakuna aliyetazama.

Hapo ndipo waipa za kioo cha mbele ziliponiita.

"Mama Lusajo, Mama Lusajo," zikasema. "Tulia, tulia."

Waipa zangu zilizaliwa Japani, lakini kwa mvua ya Tukuyu hazijawahi kupata likizo, na lugha ya alama zimejifunza kwa kunitazama mimi na mume wangu Gwamaka tukigombana garini. Zinaongea vizuri. Ila zimefungwa kwenye mota moja, kwa hiyo kila kitu zinasema mara mbili.

"Huyu anasema nini?" nikaziuliza.

"Anasema habari ya safari. Anasema habari ya safari."

Nikaitazama migomba iliyolala. "Yote hayo ni habari ya safari?"

"Ndiyo, ndiyo. Mengine ni mwangwi, mwangwi."

Nikamjibu afande kwa mikono kwamba ni nzuri. Hakuiangalia mikono. Alikuwa anaangalia mdomo wangu, ambao haukuwa na la kusema. Waipa zikajaribu kumtafsiria kwa kukwaruza kioo, na ajabu ni kwamba mikwaruzo aliielewa vizuri tu, ila akaona haitoshi. Salamu huitikiwa kwa mdomo. Akaandika kosa la kutoitikia salamu ya serikali, na chini yake kosa la kutumia waipa bila mvua.

Kisha akawageukia wenzake. Nikaona midomo yao yote ikifunguka kwa pamoja kama wanafunzi wanaoimba jedwali la hesabu.

"Amewauliza, asiyesikia la mkuu?" waipa zikatafsiri. "Nao wamejibu, huvunjika guu, huvunjika guu. Wanasema ndiyo sheria. Wanasema uchague, kulia au kushoto, kulia au kushoto."

"Waambieni kutosikia kwangu ni ugonjwa, si ukaidi."

Waipa zikakwaruza. Askari wakatazamana, wakafurahi.

"Wanasema umekiri, umekiri."

"Waambieni basi mguu wa kulia ndio wa breki."

"Wanasema asante kwa ushirikiano, asante kwa ushirikiano."

Afande akanikaribia ili anipe onyo la mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Nikafumba macho kuukwepa upepo wa mdomo wake, na nilipofumbua tulikuwa ukumbini kwenye semina. Maboksi ya vifaranga yalikuwa miguuni pangu. Waipa zilikuwa kwapani kwangu.

Mezani kwa mgeni rasmi alikaa hakimu. Hakimu alikuwa pembetatu nyekundu, ile ya kuweka barabarani gari likiharibika. Alitoka kwenye buti la gari langu mwenyewe, nimemnunua mimi, lakini alijifanya hanijui. Kushoto kwake alikaa mzee wa baraza, mtungi wa zimamoto uliopitwa na muda wake, akisinzia na kutokwa na povu kidogo. Mgeni rasmi alikuwa bado hajamaliza hotuba yake ya Jumamosi.

"Anasema nini huyo?" nikaziuliza waipa.

"Anasema tunataka jamii jumuishi, jamii jumuishi."

Kila mgeni rasmi alipotamka neno jumuishi, ukumbi uliongezeka ghorofa moja. Nilichungulia dirishani. Ambwene alikuwa chini kabisa kwenye maegesho, amekuwa mdogo kama punje ya mchele, lakini mikono yake niliiona.

"Huko juu sambusa ni za moto?" akaniuliza kwa alama.

"Sijapewa. Nashitakiwa."

"Kwa nini?"

"Nimesalimiwa."

"Pole sana," akasema Ambwene. Ghorofa nyingine ikaongezeka akapotea kwenye ukungu.

Pembeni muuguzi mmoja alikuwa anakoroga ndoo ya plasta, ile ya kufungia mifupa. Hakimu alikuwa ameagiza ianze kukorogwa mapema ili kuokoa muda wa washiriki. Nikaambiwa nijitetee. Nikainua mikono.

"Mshitakiwa aache kupunga mikono," hakimu akasema kupitia waipa. "Anawachanganya washiriki, anawachanganya washiriki."

"Nitajitetea kwa nini basi?"

Kabla sijajibiwa, leseni yangu ikasimama.

Ilikuwa imetoka yenyewe kwenye mkoba, ikajipanguza, ikapanda kwenye kiti. Ile picha yangu, ambayo miaka yote imefunga mdomo, ikafungua mdomo. Ikawaamkia wote shikamooni, na nikaona nyuso za ukumbi mzima zikilegea kwa nafuu. Kumbe yupo anayesikia! Wakageuza viti vyao. Hakimu akageuka, akanipa ncha ya mgongo. Muuguzi akaiuliza leseni kama mimi huwa nakula vizuri.

Hali hiyo naijua. Dukani, hospitalini, kanisani, mtu ananitazama mimi kisha anamuuliza aliye pembeni yangu: huyu anataka nini? Hata kama aliye pembeni ni mtoto. Hata kama ni mtu tuliyekutana naye pale pale mlangoni. Inaniuma. Inaniuma kuliko kutosikia kwenyewe, na siku zote natabasamu, maana kiziwi asipotabasamu huambiwa ana matatizo na ya akili.

"Inasema nini?" nikauliza.

Waipa zilisita. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona zikisita.

"Inasema msimsumbue, mniulize mimi. Inasema wewe ni mkaidi tangu utotoni. Inasema vunjeni tu, hata yote mawili, maana yenyewe inakaa kwenye pochi na haihitaji miguu."

"Na hayo ya mwisho hamjarudia."

"Tumeona aibu, Mama Lusajo."

Wakailetea leseni chai na sambusa. Ikala kwa adabu, ikajifuta kwa pembe ya kitambaa. Mtu anakuuza akiwa na sura yako mwenyewe, na watu wanasema huyu ndiye mstaarabu kati yenu.

Nikainama kuangalia vifaranga. Walikuwa wote wamefungua midomo, nao pia wana la kusema na hakuna wa kuwasikiliza, na midomo ilikuwa inafunguka polepole kuliko mwanzo. Mmoja wa pembeni alikuwa ameanza kujikunyata. Nikawaona kina mama wa kikundi wamesimama barazani, kimya kile kile. Basi heshima yote niliyofundishwa kwetu ikaniishia.

Nikapanda juu ya meza.

Sikuzungumza lugha ya alama. Nilifanya tu kile anachofanya Afande Masatu kila siku katikati ya njia panda ya Kibaoni. Nikanyoosha mkono mbele, kiganja wazi. Simama.

Ukumbi mzima ukasimama. Mgeni rasmi alikwama katikati ya neno, na ghorofa iliyokuwa inaongezeka ikaishia kwenye lenta. Muuguzi akabaki na mwiko hewani. Mtungi wa zimamoto aliamka akaacha kuvuja. Afande Masatu mwenyewe alisimama na mguu mmoja juu.

Nikawaita waliokaa kulia kwa vidole. Wakaja. Nikawazuia wa kushoto. Wakangoja. Nikawapungia wapite, wakapita kuizunguka meza, wakarudi kukaa. Hakuna aliyeuliza nimesema nini. Hakuna aliyehitaji niseme kwa sauti kubwa.

"Kumbe mnaelewa," nikawaambia. "Mnaelewa vizuri kabisa. Mlikuwa hamtaki tu."

Hapo glavu za Afande Masatu zikajivua.

Zilijivua taratibu, kidole baada ya kidole, zikatembea juu ya meza kwa ncha za vidole, zikasimama karibu yangu. Lugha yao ilikuwa safi, ya watu wazima waliokaa na watu. Ya kulia ilikuwa msemaji, ya kushoto ilitikisa kichwa, ingawa glavu haina kichwa.

"Mheshimiwa hakimu, tumechoka," glavu ya kulia ikasema, na waipa zikaikwaruzia mezani kwa ajili ya wasioona mikono. "Mchana kutwa tunaongea kwa mikono. Lori la mkaa linatuelewa. Ng'ombe wa mnadani wanatuelewa. Walevi wa mwisho wa mwezi wanatuelewa. Asiyejua kama tunaongea ni mmoja tu, huyu anayetuvaa."

"Hajawahi kututazama," ya kushoto ikaongeza. "Anadhani magari yanasimamishwa na mdomo wake."

"Mama huyu alipita wiki iliyopita," ya kulia ikaendelea. "Tulimwambia simama, akasimama. Tulimwambia sogea pembeni, akasogea. Alitusikia sisi vizuri. Baada ya hapo afande akatuweka mfukoni, akaanza kupiga kelele."

Afande Masatu alikuwa anaitazama mikono yake. Bila glavu ilikuwa midogo, imesinyaa, laini kama ya mtoto aliyekaa sana mtoni. Nadhani alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Alishapungua urefu akawa wa kawaida, hata kofia ikamzidi kichwa.

"Msalimu mama," glavu ya kulia ikamwagiza.

Akainua mikono. Akaizungusha, akaibana, akaifungua, akafanya kama mtu anayeumba andazi hewani kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe. Lilikuwa andazi baya. Lakini salamu niliisoma. Habari ya safari.

Nilimcheka, siwezi kusema uongo. Nilimcheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko. Maisha yangu yote barabarani nimepigiwa filimbi, nimegongewa kioo, nimefokewa na midomo isiyo na idadi, na kumbe nilichokuwa nataka ni hicho kidogo tu, andazi bovu la mtu aliyejaribu.

"Nzuri," nikamjibu kwa mikono. "Nimechelewa."

Naye akaelewa, akawatazama vifaranga.

Hakimu akagonga meza kwa pembe yake moja. "Mahakama imeguswa," waipa zikatafsiri, zikarudia, "mahakama imeguswa. Hata hivyo plasta imeshakorogwa, imeshakorogwa. Mali ya umma haiwezi kugandia ndooni. Guu lazima lipatikane."

Ndipo mzee wa baraza, mtungi wa zimamoto, akauliza swali lake la kwanza tangu apitwe na muda. "Katika shauri hili mkuu ni nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Sikusikia unyamavu huo, ila niliona masikio ya watu yakipumzika.

"Imesemwa asiyesikia la mkuu," mtungi akaendelea. "Leseni, wewe unayependa kuulizwa, bosi wako kazaliwa lini?"

Leseni ikameza sambusa. Ikajaribu kuuficha mwaka kwa kiganja, lakini mwaka umechapwa kifuani kwake. Ikabidi iseme. Wakampigia hesabu Afande Masatu, wakakuta ni rika la mdogo wangu wa mwisho, yule niliyembeba mgongoni.

"Basi mkuu ni mama," akasema mtungi. "Mama aliambiwa habari ya safari, akasema nzuri. Alisema nzuri pale pale barabarani, mbele ya mashahidi. Nani hakusikia la mkuu?"

Watu wote wakamgeukia Afande Masatu. Hata yeye alijigeukia kidogo.

Wakamkalisha, wakampandisha suruali nyeupe, wakaanza kumfunga plasta guu la kushoto. Muuguzi akauliza kama livunjwe kwanza. Hakimu akasema muda wa semina umekwisha, litavunjika lenyewe likipata nafasi. Kalamu yangu ikafunguliwa pingu, ikajinyoosha mgongo, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuandika kwenye plasta. Iliandika: Pole afande.

Glavu ya kushoto ikashuka kiganja chini, chini, polepole, na ukumbi ukashuka pamoja nayo, ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka dirisha likalingana na maegesho. Ambwene akaingia na kiti chake cha magurudumu kupitia dirishani, akatazama huku na huku.

"Hivi ndivyo kulivyo humu?" akasema. "Na nilikuwa nawaonea wivu!"

Glavu ya kulia haikungoja makofi. Ilirukia kwenye boksi, ikamlalia yule kifaranga wa pembeni na kumfunika. Niliona kifua chake kinaanza kupanda na kushuka. Nikainama nimshike, na kitanda kikatikisika.

Alikuwa Gwamaka, anabonyeza godoro kwa mkono kama anavyoniamsha siku zote. Kulikuwa kumekucha. Shavu lake lilikuwa jekundu.

"Unagombana na nani usingizini?" akaniuliza kwa alama. "Umenipiga makofi mpaka nikahamia miguuni."

"Na serikali," nikamjibu.

"Umeshinda?"

"Ilikuwa ndoto, Gwamaka. Bila shaka nimeshinda."

Nilikwenda Uyole kuchukua vifaranga. Kabla ya kuondoka pale niliibandua ile kadi ya semina, nikaigeuza upande usio na kitu, nikaandika kwa kalamu yangu: MIMI NI KIZIWI. NITAZAME, KISHA ANDIKA HAPA. Nikaiweka dirishani, nikashika njia ya kurudi. Mvua ilikuwa inanyesha. Waipa zilifanya kazi yao bila kusema lolote, nami sikuzilazimisha.

Kibaoni mkono ulinyooka katikati ya barabara. Nikasimama, nikasogea pembeni, nikashusha kioo. Kichwani nilikuwa nawahesabu kina mama mmoja mmoja, na kimya chao.

Afande Masatu alikuja dirishani akichechemea mguu wa kushoto. Alifumbua mdomo, na mimi nikasubiri migomba ilale. Akaufumba. Akaitoa mikono mfukoni. Haikuwa na glavu. Ilikuwa midogo, imesinyaa kwa mvua, na aliitazama kwanza yeye mwenyewe, kwa mashaka. Kadi yangu alikuwa hajaigeuzia hata jicho.

Kisha, taratibu, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu na mama ntilie aliyetoka kibandani kuangalia, akaumba andazi hewani.

Jumamosi hakuhudhuria semina. Na angehudhuria angefundishwa nini, wakati mkalimani hakuwapo?

Nilipata nafasi, kwa mara ya kwanza maishani, ya kumnyima trafiki jibu la salamu yake kwa makusudi. Niliionja nafasi hiyo. Ilikuwa tamu. Lakini mimi nimelelewa, na kwetu salamu huitikiwa.

"Nzuri," nikasema kwa mikono. "Nimechelewa."

Akawatazama vifaranga. Akarudi nyuma akichechemea, akasimamisha lori kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akanipungia nipite.

Vifaranga wote walifika, midomo wazi. Sijui walikuwa wanasema nini, na hakuna aliyewaambia waongeze sauti.